Mikono ya Katunge

Makao ya Wazee ya Mwangaza,
S.L.P. 27,
Kalamba, Makueni.
15 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mutanu,

Kabla ya lolote niambie, u mzima? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana, baridi ya Kanada imekiacha? Mutisya naye je, na watoto, bado wanakataa ugali? Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Kimeu wangu mgongo unamsumbua akiinama, lakini kazi ya uashi haiachi. Kyalo yuko kidato cha tatu na amerefuka mpaka anainama akiingia mlangoni. Jua limekaza sana. Mbuzi wamebaki wanne. Tunangoja mvua ya Oktoba, na wingu likipita tunatoka nje wote kuliangalia.

Nimekuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu nikipiga nitalia, na ukinisikia nikilia utaniambia ninyamaze kabla sijamaliza. Karatasi haitanikatiza. Kwa hiyo watume watoto nje, uketi, usome ukiwa peke yako.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi nafanya kazi katika makao haya. Wazee ni kumi na tisa, na kati yao kumi na mmoja wana ugonjwa wa kusahau. Mimi si wa kuwaosha wala kuwalisha, wako wengine wa hiyo. Mimi ni wa kuwatafutia la kufanya. Nilipoajiriwa nilidhani ni mchezo. Lakini Matroni Halima, mama wa Kiislamu kutoka Mwingi ambaye ndiye mkubwa wetu hapa, aliniketisha siku ya kwanza akaniambia, "Kavata, mtu anaweza kusahau jina la mtoto wake na mikono yake ikawa bado inakumbuka. Ukiiacha mikono bure, huyo mtu anakufa akiwa ameketi."

Nikajifunza. Mzee Yakub alikuwa na duka la vitambaa Mwingi, basi namletea leso anazikunja vizuri, moja juu ya nyingine. Nikienda nyuma ya mlango nazikunjua, namrudishia, ananiambia mzigo mpya umefika. Mzee Kiilu alikuwa fundi wa baiskeli Nuu. Nilimtafutia gurudumu kuukuu, na sasa anakaza na kulegeza spoki kutwa nzima, akimkemea mteja asiyeonekana. Wanawake wanamenya mbaazi au wanasokota katani pajani. Nakueleza haya ili usije ukadhani sikuijua kazi yangu. Naijua vizuri. Ndiyo maana nililolifanya, nililifanya nikijua.

Katikati ya Machi gari jeupe lilisimama mlangoni. Mwanamume mnene akamshusha mama mmoja akiwa amemshika kiwiko. Alinisalimu vizuri, akaniita dada. Nikachukua fomu, nikaanza kuuliza na kuandika. Jina la mgonjwa: Katunge, mke wa marehemu Nzuki. Kwao: Mbooni. Mtoto wake: Kaloki Nzuki, mzee wa kanisa, mnunuzi wa maembe na maparachichi.

Mutanu, kalamu iliniponyoka.

"Dada, uko sawa?" akaniuliza. Nikamwambia niko sawa. Hakunijua. Hapa wote isipokuwa Matroni wananiita Mama Kyalo, na mara ya mwisho Kaloki kuniona nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Nilipofika swali la mwisho, lile nililolitunga mimi mwenyewe, nilimuuliza kama ninavyowauliza wote: mama alipenda kufanya nini kwa mikono yake? Akacheka kidogo. "Mbegu," akasema. "Kuchagua mbegu za kupanda. Hakuna kokoto lililompita mama."

Pale sikuandika kitu. Niliacha nafasi tupu.

Wewe ulikuwa na miaka sita, na najua uliyobaki nayo ni vipande vipande tu. Acha niyaandike mara moja yote, yakae mahali.

Baba alikuwa na wake wawili, mama yetu Kavindu na huyu Katunge. Utanisamehe nikimtaja hivyo bila heshima, lakini mdomo wangu unakataa kumwita mama. Mwaka wa 1989 Katunge alizaa mtoto msichana, na mtoto akafa akiwa na miezi minne. Wiki moja baadaye Katunge akasema ameota. Mtoto ameuawa kwa uchawi, na uchawi wenyewe umezikwa jikoni kwa mama. Wazee wa ukoo wakaja, na watu wa kanisa wakawafuata nyuma. Kaloki, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akapewa jembe. Alipita mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la kusagia, akalisukuma, akachimba mara tatu, kibuyu kikatoka. Ndani mlikuwa na nywele za mtoto, na mdomo wa kibuyu ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu wa kiondo cha mama. Baba aliangalia chini. Jua halijazama, tulikuwa tukiteremka ile milima ya Mbooni na nguo tulizovaa, kwenda Nuu kwa mjomba.

Nuu unaikumbuka. Habari zilitutangulia. Mama alisuka vyondo na hakuna mwanamke sokoni aliyetaka kuvigusa. Maziwa ya mbuzi wake yalichacha bila mnunuzi. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na meza ya Bwana ikampita kwa miaka minne. Alipokufa, mjomba alitafuta watu wa kubeba jeneza akakosa, mimi na wewe tukalishika upande wa miguu. Ulikuwa na miaka kumi. Hukulia. Ulisema tu, "Ni jepesi."

Neno hilo nimelala nalo miaka thelathini na moja.

Basi Mungu akamleta Katunge mikononi mwangu, au ni shetani, sijui, sikuuliza. Nilimpa kiti kinachotazama ukuta wa stoo. Sikumtukana wala kumgusa. Alioshwa, alilishwa, alipewa dawa kwa wakati, na hakuna mtu angeweza kunilaumu. Nilimnyima kitu kimoja tu. Nilipokuwa nikigawa leso na mbaazi na katani, yeye nilimruka. Kwenye daftari la kila siku niliandika, "Amepumzika."

Wiki ya kwanza alikuwa akitazama mikono ya wenzake. Wiki ya pili alianza kuvuta nyuzi kwenye upindo wa gauni lake mpaka gauni likapanda juu ya goti. Hakunitambua, ila aliniita Mueni. Mueni alikuwa dada yake mkubwa, amekufa zamani.

"Mueni, nipe kazi," aliniambia siku moja, akinyoosha mikono yote miwili.

"Hakuna kazi," nikamjibu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Wiki ya tatu alikuwa anajikuna mgongo wa mkono hadi damu, na chakula akakikataa. Na mimi, mdogo wangu, nitakuambia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia: niliona utamu. Nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chake na kikombe changu cha chai, nakunywa polepole. Moyoni nikisema, kaa hapo. Mama yangu alikaa hivyo na vyondo vyake miaka minne.

Matroni Halima ndiye aliyeona. Alifungua daftari, akageuza kurasa, akaniita ofisini. "Huyu amepumzika siku ishirini na moja? Kavata, hata wewe ukipumzishwa hivyo utakuwa kichaa. Kesho nataka nimwone na kitu mkononi."

Nikarudi nyumbani nikifikiri, na njiani nikapata njia nyingine. Wewe hukumbuki alivyotufanya Katunge, mama alipokuwa akienda soko la mbali na kutuacha naye. Alikuwa ananimwagia mbegu mchangani, anasema nikimaliza kuzichagua ndipo nitakula, na nikikaribia kumaliza anapita na mguu. Vizuri. Asubuhi iliyofuata nilichukua karai kubwa la jikoni. Nikamimina ndengu, nikamimina kunde na mahindi, nikaongeza mchanga na kokoto za nyuma ya stoo konzi mbili, nikachanganya kwa mikono yangu mwenyewe mpaka vikawa kitu kimoja. Nikamwekea mapajani na uteo kando.

"Chagua," nikamwambia. "Usiinuke mpaka ziishe."

Aliinamia lile karai kama mtu aliyeitwa jina lake. Vidole vilivyokuwa vinavuta gauni vikaingia kwenye mbegu, na hapo hapo vikajua. Ndengu huku, kunde kule, kokoto chini. Hata macho hakuyahitaji. Alipomaliza, saa tisa alasiri, kulikuwa na mafungu matatu safi kabisa. Nikasimama mbele yake akiniona, nikayarudisha yote kwenye karai, nikaongeza mchanga, nikachanganya tena. Nilitaka alie. Nilingoja alie jinsi nilivyolia mimi.

Akacheka, Mutanu! Akapiga makofi. "Mueni," akasema, "mavuno mengine!"

Kufikia Jumapili alikuwa anakula. Vidonda vya mkono vikakauka. Kufikia mwisho wa Aprili alikuwa anaimba nyimbo za kulima na kuwafundisha wengine kuzungusha uteo. Nilimchanganyia kwa chuki kila siku, na kila siku alinishukuru. Matroni Halima aliwaita wafanyakazi wote waone. "Hii ndiyo kazi," akawaambia, ameniwekea mkono begani. "Kavata alikaa akamchunguza mgonjwa, akajua anachohitaji." Wakanipigia makofi. Nilienda chooni nikafunga mlango nikalia kwa hasira. Hata kisasi changu kilikuwa kimemfanyia mema.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa asubuhi moja ya Juni. Nilikuwa nimeketi kando yake, na nilikuwa nimeanza kukaa pale bila sababu, sijui kwa nini. Alikuwa anachagua. Akaanza kusema kwa Kikamba, sauti ya chini, ya mtu anayeongea na dada yake. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba chake nikikiandika nitaichana karatasi.

"Mueni, yule mtoto alikufa kwa homa."

"Mtoto gani?"

"Wangu. Pale zahanati walisema ni homa. Lakini kila asubuhi yule mwanamke anapita mlangoni kwangu na wasichana wake wawili, wazima, wamebeba maji, wanacheka. Ningefanya nini?"

Nikamuuliza, "Ulifanya nini?"

"Nilivuta uzi kwenye kiondo chake alichoanika. Nywele za mtoto nilikuwa nazo. Nikamwambia Kaloki achimbe kushoto kwanza, wazee wasije wakashuku. Mtoto huyu hana akili. Akaenda pale pale." Akatoa kokoto, akalitupa chini. "Ndengu za mwaka huu ni chafu, Mueni."

Wasichana wawili wamebeba maji. Ni sisi, Mutanu. Kosa la mama lilikuwa ni sisi kuwa hai.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Tulijua siku zote kwamba alidanganya, lakini kujua na kusikia si kitu kimoja. Na lililonichoma zaidi halikuwa la Katunge. Lilikuwa la Kaloki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, sawa, mtoto. Lakini amekuwa na ishirini, na thelathini, na arobaini. Amevaa suti, amesimama madhabahuni, amesoma matangazo. Alijua. Kila siku ya maisha ya mama pale Nuu, Kaloki alijua.

Alikuwa anakuja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Ile ya Julai nilijitayarisha. Sikumwambia Matroni. Niliweka kiti cha Kaloki karibu kabisa na mama yake, nikaleta karai, nikangoja mpaka vidole vyake viingie kwenye mwendo. Kaloki alikuwa anatabasamu, anasema mama amenawiri, Mungu awabariki. Nikainama nikamwambia Katunge kwa sauti ya dada yake, "Niambie tena, kile kibuyu ulikiweka wapi?"

"Chini ya jiwe la kusagia," akasema bila kuinua kichwa. "Jikoni kwa Kavindu." Akaendelea mpaka mwisho, uzi, nywele, kushoto kwanza, yote.

Kaloki alikuwa mweusi akawa wa kijivu. "Mama ni mgonjwa," akasema. "Hajui anachosema."

"Mwaka ule aliposema ameota," nikamwambia, "mlimwamini bila kumpima. Leo ndiyo amekuwa mgonjwa?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Kavata wa Kavindu. Na nilikuona ukichimba."

Alinitazama, na nikaona yule mvulana wa jembe akipita machoni mwake. Kama angekana ningekuwa na shaka mpaka nife. Hakukana. Alisimama, akatoka, na gari likakaa pale nje nusu saa nzima kabla halijaondoka. Katunge hakujua kwamba mtoto wake amekuja na ameenda.

Jumatatu alirudi na karatasi, akamtoa mama yake kwenye makao. Alimwambia Matroni kwamba familia imeamua kumtunza nyumbani. Alikuwa anamficha mdomo wake, basi. Katunge aliingizwa garini akiwa bado amekunja kiganja, na ndani ya kiganja punje chache za kunde.

Matroni Halima si mjinga. Aliniita, nikamweleza. Nilianza na la kibuyu, na nikaona ni afadhali nimalize, nikamweleza hata zile siku ishirini na moja za ukutani. Aliinua kiganja nisiendelee. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. "Aliyekukosea ulikuwa na haki ya kumkabili," akasema. "Lakini huyu uliyemweka ukutani hakujua hata kwa nini anaumia. Ulikuwa unamchapa nani, Kavata?" Akanisimamisha kazi kwa mwezi mmoja. Sikubishana. Lakini pia sikusema najuta, kwa sababu lingekuwa uongo, na matroni huyu nampenda mno, siwezi kumdanganya.

Siku ya tano nikiwa nyumbani, simu ililia. Alikuwa Kaloki. Nyuma yake nilisikia mtu anayelia kama ndama.

"Mlikuwa mnampa dawa gani huko?" akauliza. "Amerarua mapazia yote. Amejichuna mikono. Anamwita Mueni tangu asubuhi. Hospitali wamempa za kulala, anaamka anaanza tena."

"Hatukumpa dawa."

"Basi ni nini? Tafadhali, dada."

Ni neno moja tu nilikuwa nalo, Mutanu. Mbegu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa neno hilo mwezi wa Machi, na karai aliliona, ila alidhani ni la kupitisha muda tu. Ningeweza kulisema pale pale na yule mama akatulia kabla ya chakula cha mchana. Nikalishika mdomoni. "Simama mbele ya kanisa lako la Mbooni," nikamwambia, "mbele ya watu wote, useme ukweli kuhusu mama yangu. Ukishuka pale nitakwambia cha kumpa."

Akaniita mkatili. Nikamwambia sikusomea ukatili, nilifunzwa nyumbani kwao. Akakata simu. Nilijua kila siku inayopita ni siku ambayo mikono ile inatoka damu. Nilijua kuliko mtu yeyote, ndiyo kazi yangu. Na nikangoja. Kimeu alikataa kula chakula nilichopika, akaniambia, "Huyo unayemngoja simjui, lakini wewe pia sikujui." Nikangoja hata hivyo. Siku ya tisa Kaloki akatuma ujumbe wa neno moja: Jumapili.

Nilipanda Mbooni kwa bodaboda. Kumebadilika, barabara ni ya lami mpaka juu, lakini ile baridi ya asubuhi ni ile ile, na ile njia ya maji bado ipo. Nilivaa gauni la bluu. Nikaketi benchi la nyuma. Watu walinikaribisha kama mgeni, mama mmoja akanipa hata kitabu cha nyimbo.

Baada ya matangazo Kaloki alisimama. Alianza vibaya. Alisema zamani katika familia yao kulitokea kutoelewana, kwamba kuna mama aliyeondoka kwa sababu ya maneno ya watu, na kwamba anaomba Mungu aponye. Watu wakasema amina. Alikuwa anataka kuketi.

Sijui nani aliniinua. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyoitaka. "Sema jina lake. Na useme ni nani aliyechimba."

Kanisa lote likageuka. Mchungaji akafungua mdomo, Kaloki akamwashiria aache. Aliishika meza kwa mikono miwili. "Jina lake ni Kavindu," akasema. "Hakuwa mchawi. Kibuyu alikizika mama yangu mzazi. Aliyechimba ni mimi, na nilikuwa nimeonyeshwa mahali. Nimejua miaka thelathini na mitano. Ninyi wazee mlikuwepo. Mimi si mtu wa kuwasomea matangazo." Akavua beji yake ya uzee wa kanisa, akaiweka juu ya meza.

Kisha mzee mmoja kule mbele, mzee sana, akaanza kulia kwa sauti kavu. Nilimjua. Ndiye aliyetufungulia lango siku ile, akatuambia tusigeuke nyuma. Nilimtazama akilia mpaka nikashiba. Ndiyo, nilishiba, na sitakuficha.

Nikatimiza ahadi yangu. Sikumwambia Kaloki tu, nilienda naye mpaka kwake. Katunge alikuwa amefungwa soksi mikononi asijichune. Amekwisha, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule. Aliniona tu akasema, "Mueni, umechelewa sana." Nilizivua zile soksi mimi mwenyewe. Nilimwonyesha mke wa Kaloki jinsi ya kuchanganya, mchanga kiasi gani, na kwamba akimaliza asiambiwe amemaliza, aambiwe mavuno mengine yamefika. Mikono ile ilipoingia kwenye karai, kilio kilikoma. Mke wa Kaloki alikaa chini sakafuni akashika kichwa. Tangu siku hiyo, wananiambia, amelala usiku mzima.

Tulipotoka nje Kaloki aliniuliza kama nimewasamehe. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nitawasamehe. Nikamwambia akae na hilo swali kama mimi nilivyokaa na langu, sina haraka.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu akasema ukoo umekutana, na wako tayari mama ahamishwe, azikwe upya Mbooni kando ya baba, kwa heshima. Nilikataa kabla hajamaliza. Mama harudi kwa watu waliomfukuza. Wao ndio watakaoshuka kule. Tarehe ishirini na moja Desemba ukoo mzima na kanisa lao watakuja Nuu, jua likiwa kali vile lilivyo kule, wasimame kwenye lile kaburi ambalo halina hata jiwe, na kila mzee aliyekuwepo aseme kwa mdomo wake alichofanya. Wamekubali. Mchungaji wa Nuu amekubali pia, ingawa jasho lilimtoka.

Nataka uwepo, Mutanu. Omba ruhusa kazini sasa. Njoo umevaa vizuri kabisa, uje na watoto wako. Nataka wazee wale wawaone wale wasichana wawili walioponea, waone na tuliowazaa.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo sababu ya kweli ya kukuandikia. Kaloki aliniuliza kama amlete mama yake siku hiyo. Nilisema amlete. Nilisema haraka, kwa ukali, nikifurahi. Sasa nimerudi kazini zaidi ya mwezi, na kila nikigawa leso na katani nafikiria siku ile. Atashuka garini bila kujua ni wapi. Watu wote watakuwa wakimtazama. Atanitafuta katika kundi, atanishika mkono, ataniita dada yake, pale pale juu ya mama. Na sijui nitafanya nini. Naogopa kwamba nitauvuta mkono wangu, na naogopa kwamba sitauvuta. Siku hiyo usimame upande wangu ule mwingine, unishike vizuri.

Msalimie Mutisya, mwambie shemeji yake anamheshimu kwa kukutunza. Wabusu watoto. Kimeu anawasalimu sana. Siku hizi anakula tena ninachopika. Kyalo anauliza kama kweli theluji ina harufu. Matroni Halima anasema ukija lazima unywe chai kwake. Mjomba yuko pale pale Nuu, ameanza kufyeka njia ya kwenda kaburini mwenyewe, na hataki kusaidiwa.

Mungu aliyetutembeza barabara ile tukiwa watoto akulinde angani na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,

Kavata wa Kavindu